Tekla na Wajawazito Tisa wa Wino Mwekundu

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu ya tarehe 27 Juni, Tekla Kokushubila bado hajafungua dirisha. Nje, mabenchi matatu ya kliniki ya wajawazito, pembezoni mwa Temeke, yamekwishajaa, na waliokosa nafasi wamekaa barazani wamenyoosha miguu. Ndani, karani huyu mwenye umri wa miaka thelathini na minne anachungulia kwenye upenyo wa mbao na kuzipitia nyuso moja moja.

"Hayupo," anasema.

Anayemtafuta ni Mwanakombo, mkazi wa Kiwalani, mama wa watoto watatu, mwenye mimba ya nne. Kwa hesabu ya Tekla, wiki arobaini za mimba ya Mwanakombo zinatimia leo. Mtoto aliye tumboni ni mkubwa kupita kiasi, na hospitali kubwa ya mjini imemrudisha mama huyo nyumbani ikisema hana tatizo lolote.

Tekla anajua kwa nini imemrudisha. Kosa ni lake.

Kazi ya Tekla ni ya kalamu. Mkunga mkuu wa kliniki, Sista Demetria, humlaza mjamzito kitandani, humpima kwa futikamba kutoka kwenye kinena hadi tumbo linapoishia kwa juu, kisha hutaja sentimita kwa sauti kupitia pazia. Upande wa pili Tekla anahesabu wiki tangu mama huyo alipoingia mwezini mara ya mwisho. Mimba ikishakua, sentimita na wiki hukaribiana. Tumbo likizidi wiki kwa sentimita tatu au zaidi, Tekla huchukua kalamu nyekundu na kuandika namba 14 kwenye kadi ya mama na kwenye nakala inayobaki kliniki.

Zipo namba thelathini na mbili katika orodha ya kliniki hiyo, kila moja na maana yake. Kumi na nne ni tumbo kubwa kuliko wiki. Kumi na tano ni mama aliyewahi kuzaa mtoto mkubwa. Tisa ni mama asiyejua tarehe zake. Mwisho wa mwezi namba hizo hujumlishwa na kupelekwa wilayani, lakini kwa mjamzito mwenyewe kazi yake ni kubwa kuliko hiyo. Daktari wa hospitali, asiyemfahamu wala hajawahi kumwona, hutazama namba kwanza kabla ya kumtazama mtu.

"Mtoto mkubwa anasifiwa akishatoka," anasema Tekla. "Kabla hajatoka ni hatari. Kichwa kinapita, mabega yanagoma. Hapo mkunga ana dakika chache sana."

Alikuja Dar es Salaam mwaka 1969 kutoka Kamachumu, akimfuata mumewe, Revelian, ambaye ni karani wa reli. Tangu mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalipoharibika mwanzoni mwa mwaka huu, Revelian huenda kazini bila kujua kama mshahara wa mwezi utatoka. Shilingi 480 anazopata Tekla ndizo zinazolisha watoto wanne. Ni jambo la kukumbuka kila mara anapotaja neno kazi, maana hulitaja kwa sauti ya chini.

Alipoanza kazi kliniki hapo, Oktoba 1974, alikutana na shida ambayo hakufundishwa. Wanawake wengi wa huku, wenyeji wa Pwani na waliotoka Kusini, hawakumtajia tarehe. Walimwambia, "Siku ya pili baada ya Idi Mosi," au "Maulidi ilipokwisha." Yeye ni Mkatoliki aliyekulia kwenye kalenda ya ukutani yenye picha za watakatifu. Akauliza majirani, akapata majibu, akachora jedwali zuri: Idi Mosi, tarehe 17 Oktoba; Idi ya kuchinja, Desemba; Maulidi, Machi. Akalibandika ukutani juu ya meza yake na kulikinga vumbi kwa nailoni.

Jedwali lilikuwa sahihi kabisa, kwa mwaka huo. Tekla hakujua kwamba miezi ya mwandamo haikai mahali pamoja, kwamba kila mwaka hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka wa kwanza tofauti haikuonekana. Kufikia mimba za mwaka huu, jedwali lilikuwa limechelewa wiki tatu nzima.

Kwa hiyo mama mwenye wiki thelathini na tano aliandikiwa thelathini na mbili. Tumbo lake la kawaida likaonekana jitu. Kalamu nyekundu ikafanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya, na hakuna aliyejiuliza kwa nini ghafla wanawake wa Temeke wanabeba watoto wakubwa namna hiyo.

Aliyegundua ni Bi Mwajabu, mhudumu wa kliniki, mama wa makamo anayepiga deki kila asubuhi na ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza jambo lolote la maandishi. Mwanzoni mwa Juni alikuwa akipangusa ukuta, akasimama mbele ya jedwali kitambaa kikiwa mkononi.

"Mwanangu Tekla, hii Idi Mosi ya tarehe kumi na saba Oktoba ni ya nchi gani?"

"Ya hapa hapa, mama. Si ndiyo Idi yenu?"

"Idi yetu! Idi iliyopita ilikuwa Septemba inaishaisha. Mie nafunga tangu sijavunja ungo, leo utanifundisha Idi? Hii ya kwako ilikuwaga ile ya mwaka aliozaliwa mjukuu wangu Fakihi, na Fakihi sasa anakimbiza kuku."

Bi Mwajabu alicheka mpaka akakaa chini. Tekla hakucheka. Alitazama ukuta, akatazama rundo la nakala.

Kwa siku nne hakuondoka ofisini kabla ya saa kumi na moja jioni. Alikuta nakala sitini na moja zenye namba 14. Alihesabu upya moja moja, Bi Mwajabu akiwa pembeni anamtajia miandamo. Hamsini na mbili zilikuwa makosa. Wanawake hamsini na wawili wenye mimba za kawaida walikuwa wametishwa kwamba huenda wakapasuliwa. Mmoja alikimbilia kwao Rufiji ili asikutwe na kisu, na mpaka leo hakuna habari zake.

Tisa zilibaki. Hao walikuwa na watoto wakubwa kweli, Idi au bila Idi.

Hapo ndipo ulipofanyika uamuzi ambao Tekla anaujutia kuliko jedwali lenyewe. Sista Demetria, ambaye ana miaka ishirini na miwili ya ukunga na hataki kliniki yake isemwe, alimwambia arekebishe kadi wanawake watakapokuja, kimya kimya, bila barua kwa mtu yeyote.

"Nilimwambia, Tekla, funika kombe," anakiri Sista Demetria mwenyewe, bila kuona haya sana. "Ukiandika kosa, linakaa kwenye faili mpaka ustaafu. Nimeona watu wakiachishwa kwa madogo kuliko hilo."

Tekla alinyamaza. Alikuwa anafikiria mshahara wa Revelian.

Lakini hospitali ilikuwa imekwisha kuchoka. Wiki baada ya wiki ilikuwa inapokea wanawake wa namba 14 ambao, wakipimwa vizuri, hawana lolote. Madaktari wakaacha kuiamini. Hakuna aliyewaambia kwamba tisa kati yao ni wa kweli, kwa sababu aliyejua alikuwa amenyamaza.

Jumatano iliyopita ilikuwa zamu ya Mwanakombo kwenda hospitali. Kadi yake ilikuwa na namba mbili, 14 na 15. Tarehe yake haikutokana na Idi yoyote. Alimweleza Tekla kwamba mara ya mwisho kukaa bila kuswali, kwa sababu ya siku zake, ilikuwa siku ileile mumewe alipoanza kazi katika kiwanda cha nguo, na barua ya ajira ipo na mhuri: tarehe 20 Septemba. Hakuna tarehe safi kuliko hiyo katika kliniki nzima.

Daktari wa zamu aliona kliniki iliyoandikwa juu ya kadi. Akamwuliza Mwanakombo, mbele ya foleni, mtoto wake wa mwisho alikuwa mkubwa kiasi gani.

"Kalikuwa kadogo tu," alijibu Mwanakombo.

Mtu wa huku anaelewa jibu hilo. Mtoto hasifiwi unene mbele ya watu usiowajua, asije akapatwa na kijicho. Mama atakwambia kadogo hata kama mtoto alivunja kitanda. Kwa sababu hiyo Tekla haulizi ukubwa siku hizi. Huwaita pembeni na kuwauliza nguo ya kwanza ilimbana mtoto baada ya muda gani, na alipotoka kichwa alikaa muda gani kabla ya mabega. Mwanakombo alimwambia kwamba nguo haikumwingia hata siku ya kwanza, na kwamba mkunga wa mtaani alivuta mpaka mkono wa kulia wa mtoto ukalegea. Mtoto huyo sasa ana miaka mitatu na hula kwa mkono wa kushoto.

Daktari hakujua hayo. Alikata namba zote mbili kwa mstari mmoja, akaandika 9, na kumwambia arudi uchungu ukianza. Ijumaa Mwanakombo alipita kliniki, akamtupia Tekla kadi dirishani, akaichukua tena na kuondoka.

"Hakunitukana," anasema Tekla. "Bora angenitukana."

Leo alipaswa kuja, na mpaka saa nne asubuhi hajaja. Tekla ameandika wanawake arobaini na mmoja. Mara mbili amekosea jina, jambo ambalo Sista Demetria anasema hajawahi kuliona. Saa nne na nusu anavuta karatasi ya kawaida na kuanza kuandika barua kwa mganga mkuu wa hospitali. Anaeleza jedwali, mwandamo, kadi sitini na moja, hamsini na mbili zilizokosewa. Anaorodhesha majina tisa na tarehe zao, na mbele ya kila jina anaandika alivyoipata tarehe hiyo. Mwisho anaandika: "Kosa hili ni langu mimi niliyetia saini hapa chini, na nililijua kwa wiki tatu kabla ya kuwaarifu."

Sista Demetria anaisoma akiwa amesimama. Anaisoma tena.

"Hiyo sentensi ya mwisho itoe."

"Siitoi, Sista. Nikiitoa wataona ni barua ya kujitetea. Hawataiamini, na Mwanakombo atarudishwa tena."

"Una watoto wanne, Tekla."

"Ninao."

Sista Demetria anaiweka barua mezani. "Mie sitii sahihi yangu kwenye kitu hicho," anasema. Kisha anafunga kitambaa chake vizuri kichwani. "Mhuri uko kwenye droo ya chini. Naenda kunywa chai."

Saa tisa mchana Tekla yuko Kiwalani, viatu mkononi kwa sababu ya tope la mfereji uliofurika. Ndege inapita chini sana na watoto hawahangaiki hata kuitazama. Mwanakombo amekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mgongo ukutani, miguu imevimba. Mumewe, Mwishehe, kijana mwembamba mwenye nyuzi za pamba kwenye nywele, ametoka zamu ya asubuhi na anaosha uso.

"Karibu, dada karani," anasema Mwishehe, kwa adabu isiyo na tabasamu.

Tekla anakataa kiti. Anaeleza yote akiwa amechuchumaa, tangu ukuta hadi barua. Mwanakombo anamsikiliza bila kumtazama.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu," anarudia Mwanakombo. "Mie nikapangwa foleni tangu alfajiri, nikaambiwa mbele za watu nimekuja kuwapotezea wenzangu muda. Na wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Ndani ya nyumba mtoto anaita mama, na Mwishehe anakwenda kumchukua. Anarudi amembeba yule wa mkono uliolegea. Tekla anautazama mkono huo kwa muda, halafu anaanza kulia, waziwazi, kama mtu aliye nyumbani kwake. Mwandishi wa makala haya alitazama pembeni.

"Sasa wewe unalia nini?" Mwanakombo anauliza, ukali ukiwa umepungua. "Mwenye tumbo ni mie."

"Naogopa," anasema Tekla. "Tumbo limefika sentimita arobaini na nne. Sijawahi kuandika arobaini na nne kwa mtoto mmoja. Naomba urudi hospitali kesho."

"Wakanirudishe tena?"

"Nakwenda na wewe. Wakiuliza, najibu mie. Hutaulizwa kitu mbele za watu."

Mwanakombo anamtazama mumewe. Mwishehe anasema kwamba ataomba ruhusa kiwandani, na kama hawatampa atakwenda hivyo hivyo. Mwanakombo anavuta pumzi, anajisogeza kidogo kumpisha mgeni wake kwenye mkeka.

"Kaa basi. Umechuchumaa mpaka unaniumiza mie."

Siku ya pili, Jumanne, saa mbili asubuhi, foleni ya hospitali inafika nje ya geti. Daktari wa zamu ni yuleyule wa Jumatano. Anaanza kwa kutikisa kichwa anapoiona kadi. Tekla hasubiri kuulizwa, anampa barua kwa mikono miwili na kubaki amesimama.

Daktari anasoma. Akifika mwisho anainua macho.

"Wewe ndiye uliyetia sahihi?"

"Ndiyo, daktari."

"Unajua barua hii itakwenda wapi ikitoka hapa?"

"Najua. Lakini mpime kwanza, tafadhali. Barua haina haraka kama yeye."

Safari hii anampimia nyuma ya pazia na kuuliza maswali kwa sauti ndogo. Anatoka. Anamwita muuguzi, anaagiza kitanda, kisha anachukua kadi ya Mwanakombo, anakata ile 9 na kuandika tena 14 na 15, kwa mkono wake mwenyewe. Anaweka sahihi pembeni.

Mwanakombo anaingizwa wodini. Tekla na Mwishehe wanakaa kwenye ngazi. Uchungu unaanza saa saba mchana. Saa tisa muuguzi anapita mbio na hasimami. Mwishehe anavuta nyuzi za pamba kutoka kwenye shati lake moja moja, na Tekla anasali rozari bila rozari, akihesabu kwa vidole. Saa kumi na moja kasorobo wanaambiwa mama amepelekwa chumba cha upasuaji.

"Dada," Mwishehe anauliza, "mtu anatoka humo?"

"Wanatoka," anasema Tekla. Baadaye alimwambia mwandishi kwamba hakuwa na hakika na alichokuwa anasema.

Wanatoka wawili. Msichana wa kilo nne na gramu mia tisa, mikono yote miwili anairusha. Mama amepoteza damu, lakini macho anafumbua. Daktari, akiwa bado na aproni, anamwambia Tekla kwamba kama mwanamke huyu angesubiria uchungu Kiwalani, leo wangekuwa wanachimba makaburi, na huenda mawili. Anasema kwa hasira, na haieleweki hasira hiyo ni ya nani. Kisha anaiomba ile orodha ya majina.

"Wanane waliobaki, waambie waje. Nitawapokea mwenyewe. Na barua nimeituma wilayani, sikuweza kufanya vingine."

Majibu ya wilaya hayakuchelewa. Alhamisi saa tano tarishi analeta bahasha ya kahawia. Ndugu Tekla Kokushubila anatakiwa kufika ofisi ya wilaya Jumatatu, tarehe 4 Julai, saa tatu kamili, kutoa maelezo. Mstari wa mwisho unamtaka akabidhi funguo za kabati la kadi kabla ya siku hiyo.

Bi Mwajabu ndiye anayeanza kugomba, anasema kama ni funguo basi waje wachukue na ndoo yake ya deki. Sista Demetria anaichukua bahasha, anaisoma, na kusema kwamba Jumatatu atakwenda wilayani pia, maana mhuri ulikuwa wa kliniki yake. Anasema hivyo akiwa amemgeuzia mgongo kila mtu.

Tekla ameishika barua. Anajua wanaweza kumhamisha au kumwachisha kabisa, na mwezi huu reli haijalipa. Revelian amemwambia nyumbani kwamba wataishi tu, ila hakusema kwa namna gani.

Jedwali jipya liko ukutani sasa. Amelichora pamoja na Bi Mwajabu, mwaka kwa mwaka hadi 1980, na juu ameandika kwa herufi kubwa: LIBADILISHWE KILA MWANDAMO WA RAMADHANI. Anataka kuomba lipelekwe kwenye kliniki nyingine za pembezoni, Ukonga na kwingineko, kwa sababu ana wasiwasi kwamba si yeye peke yake aliyepiga hesabu kwa Idi ya zamani. Amekwisha kuandika nakala nne kwa mkono.

Lakini hilo si ombi lake la kwanza. Ombi la kwanza liko kwenye karatasi ndogo atakayokwenda nayo wilayani. Ina majina manane. Watano amekwishawafikia majumbani mwao, wawili wanaishi karibu na gereza la Ukonga na atawafuata kesho baada ya kazi, mmoja amehama na mjumbe wa nyumba kumi bado anamtafuta. Wa mwisho kujifungua, kwa tarehe iliyohesabiwa mara tatu, ni wa tarehe 11 Agosti.

"Wilayani sitawaomba wanisamehe," anasema Tekla. "Wakitaka kuniachisha, waniachishe tarehe kumi na mbili."